Mkunjo wa Waya

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Bibi ameagiza nianze na swali lake lilelile: umekula? Nimemwambia jibu litachukua wiki tatu kufika. Amesema basi mpaka hapo utakuwa umeshakula.

Unajua bado hataki tuongee mambo ya maana kwenye simu. Simu ikikatika, anasema, hakuna kinachobaki mkononi. Barua zako zote anazo chini ya mto, na kila mgeni akija mimi natolewa jikoni nikamsomee ile ya mwaka juzi uliyoandika kwamba unafanya kazi na mashine za hospitali. Siku hizi wewe si fundi tena. Ni fundi mkuu. Nadhani mwakani atakupa udaktari.

Mimi nina la kikazi. Klabu ya afya ya shule yetu mwaka huu inasoma habari za afya duniani, nani anapata nini. Mwalimu wa biolojia alichora safu mbili ubaoni, nchi zenye nazo na sisi. Kwenye safu ya kwanza kila kitanda cha wagonjwa mahututi kina oksijeni yake ukutani, kama bomba la maji. Kwenye safu yetu akaandika: nendeni mkaone. Tukaenda. Wodi ya kifua ya hospitali yetu ina mitungi minne ya oksijeni kwa vitanda ishirini na viwili. Lakini stoo, Mjomba, imejaa mashine za kuchuja oksijeni, zote za msaada, zote na kibandiko cha kijani kinachosema TAYARI KWA MATUMIZI. Zinawaka taa, zinanguruma vizuri kabisa, na mgonjwa hapati nafuu. Muuguzi anasema labda wagonjwa wetu ndio wabovu.

Mwezi wa tano wafadhili wanakuja kukabidhi shehena nyingine na mimi nimechaguliwa kusoma hotuba ya shukrani. Nataka niweke takwimu ndani. Wewe uko huko zinakotoka mashine, na hesabu unazijua. Mashine inawezaje kuwaka isifanye kazi?

Bibi anakohoa tena, ila anakataa kwamba anakohoa.

Mpwa wako,
Wakili


27 Februari

Wakili,

Marahaba. Mwambie mama nimekula.

Umechaguliwa kutoa shukrani, si kuendesha kesi. Mtu akikuletea kitu unasema asante, unapiga makofi, unakaa. Hotuba ya shukrani ikizidi dakika tatu watu wanaanza kutazama soda.

Lakini kwa kuwa umeuliza hesabu, hesabu ni hii. Hewa tunayovuta bure, wewe na mimi na tajiri, ina oksijeni ishirini na moja kwa mia. Mashine nzima ya kuchuja inatoa tisini na zaidi. Ndani yake kuna mchanga mweupe unaonasa gesi nyingine na kuacha oksijeni ipite. Mchanga ukichoka, ukilowa, mashine haisemi. Pampu inapiga, taa inawaka, inatoa arobaini, thelathini, mwisho inampulizia mgonjwa upepo tu. Kwa macho huwezi kujua. Inatakiwa kipimo, kidude cha kushika mkononi, unakichomeka kwenye mrija kinakusomea namba. Fundi wa hospitali yenu lazima anacho kwenye droo, huenda hajui ni cha nini.

Sasa umeshajua, inatosha. Soma vitabu vyako.

Huku baridi imeingia mpaka kwenye godoro. Chumba changu nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Dirisha lina ufa, nimeuziba kwa cheti changu cha ufundi, kile nilichokihangaikia miaka minne nikisoma jioni na kutengeneza redio za watu mchana. Huku hakikubaliki kwa kazi nyingine yoyote, angalau upepo unakiheshimu. Nilipohamia nilinunua viti viwili. Cha pili bado kina nailoni yake.

Mpeleke mama hospitali. Usimsikilize.

Mjomba wako,
Fundi


21 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Kipimo kilikuwa kwenye droo kama ulivyosema, ndani ya boksi lake, chini ya kalenda za zamani. Fundi wa hospitali alitupatia akiwa anacheka, akasema tukikivunja tutauza klabu kukilipa. Kufikia mashine ya tatu alikuwa anatushikia mrija mwenyewe na hacheki tena.

Mashine ishirini na sita. Zinazotoa zaidi ya themanini na tano ni saba. Zilizobaki ziko kati ya sitini na ishirini na tatu. Ile ya ishirini na tatu, Mjomba, imeizidi hewa ya dirishani kwa mbili tu. Na zote ishirini na sita zina kibandiko cha kijani.

Tuliandika matokeo, tukayapeleka kwa mganga mkuu. Alitusifu sana. Akasema yatasubiri hafla ipite, maana wageni hawaaibishwi mlangoni. Klabu imegawanyika. Nusu wanataka nisome shukrani kama ilivyo, wengine wanataka nisome namba. Mwalimu anasema niamue mimi kwa kuwa sauti ni yangu. Najua maana yake: na lawama zitakuwa zangu.

Sasa naomba usikasirike. Kumi na nne kati ya hizo mashine, waya zake za umeme hazikuzungushwa tu na kusukumiwa pembeni kama nyingine. Zimekunjwa kwa kiwiko na kiganja, umbo la nane, mwisho umepita chini mara mbili na kuacha kitanzi kimoja cha kuning'inizia. Watu duniani ni wengi na huenda wengine nao wanakunja hivyo. Lakini mimi nimemwona mtu mmoja tu akikunja kamba ya kuanikia nguo namna hiyo, naye ni Bibi, na mtu mmoja tu aliyejifunza kwake akawa anakunja waya wote wa duka lake namna hiyo, mpaka wateja wakadhani ni nembo.

Sijamwambia mtu. Nataka uniambie wewe.

Wakili


13 Aprili

Wakili,

Nimeandika barua hii mara tatu. Mbili zilikuwa na uongo mzuri sana, ungezipenda.

Sifanyi kazi hospitali. Nafanya kazi kwenye ghala, nje ya mji, mabasi mawili. Hospitali za huku zikinunua mashine mpya, za zamani zinaletwa kwetu. Nazifuta, naziwasha, nazibandika, nazifungasha. Kanuni za kibandiko cha kijani ni tatu: iwe safi, isiwe imevunjika, iwake. Kipimo cha oksijeni hakimo kwenye kanuni. Niliomba kimoja mwaka wa kwanza. Msimamizi hakunikaripia, ni mtu mpole. Alisema, "Vyovyote itakavyokuwa, ni bora kuliko walicho nacho." Nikarudi mezani nikaendelea kufuta. Mashine inastaafu huku, inaajiriwa huko. Mimi ndiye ninayeiandikia barua ya sifa.

Utauliza kwa nini sikusema. Kwa nani? Watu wa ghalani tunasalimiana asubuhi na kuagana jioni. Dereva wa foklifti, ile gari ya kunyanyulia mizigo, tumefanya naye kazi mwaka wa tatu huu, sijui kama ana watoto. Na kwenu nyumbani mlishanifanya mkuu. Kila nikipiga simu nasikia mama ananitambulisha kwa wageni. Nikashindwa kujishusha.

Kukunja waya ndicho kitu pekee kwenye zile mashine nilichoweza kukifanya vizuri. Wenzangu wanazisokomeza. Mimi nilijiambia atakayefungua huko aone kwamba aliyefunga alikuwa na adabu.

Sasa ombi. Kibali changu cha kuishi kinafuata kazi hii, kinasainiwa upya mwezi wa tisa. Ukisoma zile namba mbele ya wafadhili, swali litarudi ghalani, na ghalani mtu anayetoka kwenu ni mmoja. Subiri mpaka mwezi wa tisa upite. Miezi minne tu baada ya hafla. Baada ya hapo piga kelele mpaka paa ling'oke, nitakuletea kipaza sauti mimi.

Na mama asijue. Hilo hata baada ya mwezi wa tisa.

Mjomba wako


18 Aprili

Mjomba,

Barua hii mwalimu ameipiga picha akakutumia kwa simu yake, kwa sababu posta haitawahi. Ameapa hajaisoma. Nadhani ameisoma.

Bibi amelazwa tangu Alhamisi. Kifua. Jana ulipopiga simu ukamsikia anacheka, ukaamini ni mafua kama alivyokwambia. Simu alikuwa nayo yeye, na wodi nzima inasikiliza, mimi nikabaki nimesimama na bakuli la uji.

Alhamisi mitungi yote minne ilikuwa na watu. Muuguzi akatoa mashine stoo. Wakati anaifuta aliuweka waya kitandani, ukiwa umekunjwa. Bibi akaushika. Akaugeuza, akaingiza kidole kwenye kitanzi. Kisha akasema kwa sauti ambayo sijamsikia nayo tangu uondoke, "Huu mkono naujua. Ni wa mwanangu."

Tangu hapo hakuna wa kumwambia kitu. Waya ulikunjuliwa kiasi cha kufika ukutani tu, uliobaki anaulalia. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wameitwa waje waguse mashine. Nimeitazama kwenye orodha yetu ya mwezi uliopita. Inatoa thelathini na nane. Nimeipima tena leo amelala. Thelathini na nne.

Jana jioni mtungi mmoja umepatikana. Bibi ameukataa. Muuguzi amembembeleza, mama yangu, dada yako, ametoka kiwandani na unga wa mikate mikononi akambembeleza, daktari naye. Anasema mtungi apewe mwenye shida, yeye ana cha kwake. Wakimvua mrija anaurudisha. Nikamwambia taratibu kwamba labda mashine imechoka. Alinitazama kama nimemtukana. "Mwanangu hawezi kuniletea kitu kibovu."

Midomo yake imeanza kubadilika rangi. Muuguzi anasema mtungi utakaa pembeni ya kitanda mpaka kesho asubuhi, madaktari wakipita. Baada ya hapo anapewa mwingine, na ana haki, kuna watu wawili wanausubiri.

Naweza kumwambia mimi. Nina namba zote. Lakini hataniamini mimi dhidi yako, na akiniamini itakuwa nimekuchukua kwake.

Sijui kama ni wewe uliyefunga hiyo mashine. Kama ni wewe, basi niambie uongo kwamba si wewe, nimsomee.

Wakili


18 Aprili

Wakili,

Ni mimi.

Nitapiga kesho saa moja asubuhi yenu, kabla madaktari hawajapita. Iweke simu sikioni kwake, halafu wewe utoke nje. Usisimame mlangoni. Nakujua.

Kuna barua yangu nyingine njiani, ya posta, niliituma tarehe kumi na tatu. Ikifika usiifuate. Siku ya hafla soma unachojua.

Mjomba wako


10 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nilitoka nje kweli. Nilikwenda mpaka kwenye kamba za kuanikia mashuka, huko nyuma, nikahesabu vibanio. Niliporudi simu ilikuwa kifuani kwake, imezimwa. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama taa ya mashine. Kisha akamwita muuguzi, akamwambia, "Nitoleeni hiki kitu, mniwekee hicho cha watu."

Tangu asubuhi ile hajasema neno moja juu ya simu yako. Alikaa kwenye mtungi wiki mbili na siku kadhaa. Sasa anakaa kitako, anaagiza chai, anagombana na mpishi. Daktari anasema kifua hakitarudi kama zamani. Hata hivyo amepona kiasi cha kutuchosha.

Hafla ilikuwa Ijumaa. Barua yako ya posta ilifika Jumatano. Ulisema nisiifuate, hukusema nisiisome. Niliisoma mara nyingi kuliko hotuba yenyewe. Nilifika kwenye mwezi wa tisa nikasimama, nikasema miezi minne si mingi. Kisha nikaona shehena mpya inashushwa uani, mashine kumi na nane, vibandiko vya kijani vinang'aa. Kwa hesabu yetu, tano hivi ndizo zingekuwa nzima. Kumi na tatu zingewekewa watu. Miezi minne, kumi na tatu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuzidisha.

Nilianza na asante, kama ulivyosema. Kisha nikachomeka kipimo kwenye mashine iliyowekwa mezani na kufungwa utepe, nikasoma namba kwenye kipaza sauti. Arobaini na moja. Nikasoma zetu ishirini na sita, moja moja. Hakuna aliyetazama soda. Nikasema wenzetu wa rika letu huko mashine hizi zinakotoka hawawekewi kitu ambacho hakijapimwa, na mapafu ni yaleyale. Nikasema aliyebandika vibandiko hana kosa, aliomba kipimo akanyimwa. Hilo nadhani sikupaswa kulisema. Lilinitoka.

Mkuu wa wageni aliuliza, kwa upole mtupu, kama tungependa basi wasituletee kitu. Nikamjibu, "Tungependa mpime kwanza. Hii ungemwekea mama yako?" Akatazama utepe. Mganga mkuu akaja kunipokea kipaza sauti, akanishukuru kwa mchango wangu, mkono wake ukinibana bega.

Klabu imezuiwa kuingia hospitali. Wenzangu waliotaka nisome shukrani hawakai na mimi tena, na wale waliotaka nisome namba nao wamepata shughuli. Nakula kantini peke yangu. Ni sawa, foleni inakwenda haraka.

Bibi nimemwuliza mara moja tu ulimwambia nini. Alinituma nikamletee maji.

Wakili


3 Juni

Wakili,

Wageni walirudi na ripoti. Iliingia ghalani Jumatatu ya wiki iliyopita. Msimamizi alituita wote, akasoma ile sehemu ya mtu aliyeomba kipimo akanyimwa. Hakutaja jina, alitazama sakafu tu. Ningeweza kutazama sakafu na mimi. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

Usijilaumu kwa lile neno. Ndilo pekee kwenye hotuba yote lililonihusu.

Vipimo vimenunuliwa siku hiyohiyo. Bei yake, nimeangalia, ni ndogo kuliko ya utepe na maua ya hafla moja. Wamenipa mimi nipime, hakuna mwingine anayejua. Wiki ya kwanza nimepima arobaini, zimefaulu kumi na moja. Nyingine nazirundika pembeni, rundo linakua, na wenzangu wanapita wakinitazama mimi badala ya rundo, maana zisipofungashwa, saa zao za kazi zinapungua. Chai nakunywa upande wa mlango. Mkataba wangu hautasainiwa. Wamesema kwa adabu kubwa, na barua yao haina kosa hata moja. Mwisho wa mwezi wa tisa.

Ulimwuliza mama nilimwambia nini. Sikumwambia mengi. Nilisema, "Mama, hiyo mashine niliifunga mimi. Ni mbovu, na nilijua zipo mbovu. Vua." Nikamwambia sina ukuu wowote, nafuta vumbi. Nikadhani simu imekatika, nikaanza kuita. Nilikuwa nimesimama kituo cha basi, watu wananitazama ninavyoita mama, mama, kwa lugha wasiyoijua.

Kisha akauliza kama nimekula.

Nikasema sijala. Mara ya kwanza tangu nifike huku kumwambia hivyo.

Nikirudi sitakuwa mkuu wa kitu chochote. Kama nitarudi. Nauli naijua, uso wa kuingilia pale uani ndio sina. Kiti cha pili nimekitoa nailoni. Nakalia kimoja leo, kingine kesho, kisichakae kimoja peke yake.

Mjomba wako,
Fundi


28 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Hii ni fupi, naandika Bibi akinisimamia, na anahesabu mistari.

Hospitali imeondoa mashine kumi na tisa stoo, zikavunjwe. Fundi wa hospitali alimletea Bibi nyumbani waya wa ile ya kwake. Hakuuomba. Ameutundika kwenye msumari juu ya kitanda kwa kile kitanzi ulichoacha. Sehemu iliyokuwa imekunjuliwa ameikunja upya mwenyewe, kwa kiwiko na kiganja, akipumzika kila mzunguko. Ukiutazama huwezi kujua mkono wako unaishia wapi na wake unaanzia wapi.

Wageni wakija sisomi tena ile barua ya mwaka juzi. Jana mmoja aliuliza habari za fundi mkuu. Bibi akasema, "Anafuta vumbi, na anapima." Akaendelea kunywa chai.

Ameniambia niandike neno kwa neno, nisiongeze uwakili wangu. Naandika.

Mwambie waya umefika. Yeye bado.

Mpwa wako,
Wakili